Kimya cha Mzee Radi

Jina lake la kazini lilikuwa Ondoa, na alilipata kihalali. Waongozaji wengine wa michezo ya kuigiza wakiingia kwenye mazoezi huanza kwa kusema hapa tuweke hiki, pale tuweke kile. Yeye aliingia, akakaa kiti chake cha pembeni, akaliangalia jukwaa kama mtu aliyeachiwa vyombo vichafu na mwenzake, kisha akaanza. Ondoa pazia. Ondoa ngoma. Ondoa huo mkono unaoupunga, kwani unafukuza nzi? Waigizaji wapya walikwenda kulia chooni. Waliokuwa naye siku nyingi walijua kwamba mwisho wa yote jukwaani kingebaki kitu kimoja, na hicho kimoja kingemkata mtu maini.

Mumewe waliyemwita Radi alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa mwigizaji wa kizamani, mwenye sauti ya kutikisa mabati. Akilia, machozi ya kweli yalimtoka. Akicheka alishika tumbo. Akifa jukwaani alikufa polepole ili hata waliokaa nyuma kabisa wapate haki yao. Watu walimpenda. Mkewe naye alimpenda, tena sana, ila uigizaji wake haukumkaa rohoni, na yeye hakuwa mtu wa kuficha jambo. Alimwongoza katika michezo isiyo na idadi na hakuwahi kumwambia hata siku moja kwamba amefanya vizuri. Alimwambia, "Afadhali ya jana." Siku akiwa na furaha kupita kiasi alimwambia, "Leo hukuniudhi."

Radi alilifanya hilo kuwa mzaha wake mkubwa kwenye mkahawa wa jirani na ukumbi. "Mke wangu hasifii mtu ovyo," alisema. "Ukisikia amekusifu, jua umeshakufa na hayo ni maneno ya makaburini." Meza nzima ilicheka, naye akacheka kuwashinda. Hakuna aliyemwangalia vizuri usoni baada ya kicheko, na hapo ndipo palipostahili kuangaliwa.

Mchezo uliowaletea mambo ulikuwa rahisi kueleza. Baba mjane anahama nyumba aliyokaa maisha yake yote. Binti yake amekuja kumchukua, na kabla hawajaondoka baba anampitisha chumba kwa chumba, akimweleza kilichotokea humo. Basi. Baba alichezwa na Radi. Binti alichezwa na msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu, na kwa kuwa pale ukumbini kila mtu alimwita Binti, nasi tumwite hivyo.

Fundi seremala wa ukumbi alitengeneza nyumba nzima: kabati la vyombo, meza yenye mguu mmoja mfupi, kitanda cha chuma, kiti cha kuyumba, na ukuta wa mbao wenye dirisha la pazia la maua. Radi alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Yeye hakuwahi kukariri maneno akiwa amekaa. Aliyatundika kwenye vitu, kama walivyomfundisha wakubwa wake jukwaani. Akigusa kabati, maneno ya kabati yalikuja. Akikalia kiti, yakaja ya kiti. Asubuhi kabla wenzake hawajafika alizunguka jukwaani peke yake, akishika hiki na kupapasa kile huku akinong'ona, na kila kitu kikamtunzia sehemu yake.

Mazoezi yalipokolea, Ondoa akaanza kazi yake.

"Ondoa kitanda."

"Mama, mzee ana maneno mengi pale kitandani," fundi alisema.

"Atayasema hewani. Watazamaji wana akili zao, kitanda watakiona wenyewe."

Kitanda kikaenda. Meza ikafuata, kisha kiti. Radi alijikwaa kidogo kwenye maneno, akaomba radhi, akaendelea. Ilipofika zamu ya kabati, alishuka hadi kwenye kiti cha mkewe na kusema kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

"Bibie, niachie kabati tu. Hilo tu."

"Mzee wangu, unaegemea vitu kama mlevi," Ondoa alisema. "Simama mwenyewe."

Watu wakacheka. Radi naye akacheka. Kabati likabebwa.

Kesho yake, baba akiwa anampitisha binti yake mahali palipokuwa na kabati, Radi alisema, "Hapa ndipo mama yako..." kisha akanyamaza. Alisimama katikati ya jukwaa tupu. Mkono wa kushoto ukapanda taratibu, vidole viwili vikagusa taya, kichwa kikainama kidogo upande kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Macho yakatembea sakafuni yakitafuta. Hakupunga mkono, hakulia, hakupandisha sauti. Kimya kikarefuka hata fundi aliyekuwa nyuma akaacha kupiga randa. Mwishowe Radi akasema polepole, "Haya, mwanangu. Twende chumba kingine."

Ondoa alipanda jukwaani, na hakuwa na kawaida hiyo.

"Kile kimya," alisema. "Umekitoa wapi?"

"Kimekuja tu."

"Kumbe unaweza! Miaka yote hii unanipigia makelele, kumbe unaweza!" Alimshika mashavu mbele za watu. "Umefanya vizuri. Umenisikia? Umefanya vizuri sana. Sijaona kazi nzuri kama hii jukwaani, yako wala ya mtu mwingine. Usikiguse kile kimya. Kiache hivyo hivyo."

Radi alitoa leso, akajifuta uso, akasema ni vumbi la mbao. Ilikuwa furaha. Linalouma ni hilo, kwamba ilikuwa furaha kweli.

Tangu hapo vimya vikazaana. Leo kimoja kiliangukia kwenye kisa cha harusi, kesho kingine kwenye kisa cha mvua iliyobomoa choo. Ondoa aliona mumewe amefungua mlango ambao yeye alikuwa akiugonga maisha yake yote. "Hajirudii," aliwaambia waongozaji wenzake, mtu mgumu kusifu akiwa ghafla hamalizi kusifu. "Kila siku kinatokea mahali pengine. Huyo ni msanii, huyo hajui kesho atafanya nini." Redioni alieleza kwa kirefu kwamba mwigizaji wa leo lazima awe na ujasiri wa kuacha pengo, mtazamaji alijaze mwenyewe. Radi alikaa pembeni yake studioni, akiitikia kwa kichwa, amevaa shati lake jipya.

Binti ndiye aliyejua kidogo. Katika vile vimya, mkono wa Radi ulitafuta wake na kuubana kwa nguvu ambazo mtazamaji hakuziona. Siku moja alijikaza akamfuata Ondoa kwenye ngazi.

"Mama, samahani. Mbona baba anaruka maneno?"

"Haruki, anayameza. Angalia ujifunze."

Binti akasema ndiyo mama. Mtoto wa jana atambishia nani?

Nyumba ya Ondoa na Radi ilifanana na jukwaa la Ondoa. Kuta zilikuwa nyeupe, meza haina kitu juu yake, na jikoni makabati yote yalifungwa kwa milango inayofanana, hata ungeingia usingejua kama humo ndani kuna watu wanaokula. Asubuhi moja Ondoa alitoka kuoga, taulo kichwani, akapita mlangoni mwa jikoni na kumwona mumewe. Birika lilikuwa linachemka. Radi alisimama katikati ya sakafu. Mkono wa kushoto ukapanda taratibu, vidole viwili vikagusa taya, kichwa kikainama upande. Macho yakatembea kwenye ile milango iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine.

Ondoa aliegemea mlango, akatabasamu. Aliona uzuri, Mungu amsamehe. Alikaa pale akimtazama mumewe kama amekata tiketi.

"Mzee, usiniletee kazi nyumbani," akasema.

Radi akageuka. "Majani ya chai," alisema kwa adabu. "Siku hizi tunaweka wapi?"

Kopo la majani lilikuwa mahali pake pale pale tangu walipohamia, na aliyechagua mahali hapo ni yeye Radi, maana ndiye aliyekuwa akipika chai ya asubuhi. Ondoa akaacha kuegemea mlango. Jikoni hakukuwa na watazamaji. Hakukuwa na taa wala mchezo. Kimya kilikuwa kile kile, hata kidole hakikupungua, na yeye alikuwa amekipigia makofi. Vikamrudia vyote kwa mkupuo: cha harusi, cha mvua, cha juzi alichowaalika watu waje kukitazama. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kitu juu ya maradhi yanayosifiwa.

"Tangu lini?" aliuliza.

Radi alivuta kiti, akakaa. Alikuwa kama mtu anayetua mzigo.

"Ulipoondoa kabati, maneno yake yaliondoka nalo. Nikasema ni uzee, yatarudi. Kabla hayajarudi ukapanda jukwaani ukanishika mashavu."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia nini, bibie? Nimekungoja maisha yangu yote uniambie neno lile. Umelisema, watu wamesikia, halafu mimi nikwambie hapana, pale sikuwa naigiza, pale nilikuwa nimepotea?" Akacheka kidogo, kicheko cha mkahawani kilichopungukiwa na meza. "Nikasema acha nilifaidi. Ukishajua hutalisema tena."

Ondoa hakuwa mtu wa machozi. Alilia pale pale mlangoni, taulo likamwangukia begani, na birika likaendelea kuchemka bila wa kulizima. Alitaka kusema kwamba alimpenda, na kwamba kumpenda hakukuwa na uhusiano na jukwaa, lakini aliona jinsi maneno hayo yalivyochelewa.

Daktari alimwonyesha Radi kalamu, saa na kitana, akamwuliza majina yake. Alimwambia achore uso wa saa, na namba zote zikaenda kulala upande mmoja. Kisha akaongea na mke pembeni. Ni ugonjwa wa kusahau, umeanza zamani, na hautarudi nyuma. Ondoa akamwuliza kama kumwondolea vitu vyake ndiko kulikomharibu.

"Hapana mama, usijibebeshe hilo," daktari alisema. "Vitu alivyovizoea havikuwa dawa. Vilikuwa vinamshikilia tu."

Lile neno "tu" daktari alilisema kwa huruma. Ondoa alitembea nalo mpaka nyumbani.

Alikusudia kuufuta mchezo. Radi alikataa.

"Nipe mara moja," alisema. "Mbele za watu, mpaka neno la mwisho, nikiwa bado najua kwamba nacheza. Nikimaliza hapo, hata ukiniondoa sawa."

"Usinitajie neno hilo."

"Ni jina lako, bibie. Nitakuita nani?" Na kwa sababu alikuwa Radi, alimkonyeza.

Jioni hiyo Ondoa alitafuta bisibisi, akapanda juu ya kiti, akang'oa milango ya makabati ya jikoni mmoja mmoja. Sufuria zikaonekana, vikombe visivyofanana vikaonekana, kopo la majani likaonekana. Jikoni kukawa kama sokoni. Asubuhi Radi alipika chai mwenyewe, akaimba.

Ukumbini Ondoa alikusanya watu wake, akasema neno ambalo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. "Rudisha." Fundi akauliza arudishe nini. "Vyote. Kabati, meza, kitanda, kiti. Kila kitu pale pale kilipokuwa, kisisogee hata inchi." Akawaeleza sababu bila kuzunguka, kwa sababu hakuona tena faida ya mapengo. Binti alijifunika uso kwa mikono. Fundi alikwenda kubeba kabati peke yake ingawa lilikuwa mzigo wa watu wawili.

Jukwaa likajaa mpaka likatia kinyaa. Kila kitu ambacho Ondoa alipigana nacho tangu ujana wake kilikuwa kimekaa pale kwenye mwanga, pamoja na lile pazia la maua. Radi alizunguka akikishika hiki na kukipapasa kile, na maneno yakawa yanarudi, mengi yao. Kabati lilikuwa limeyatunza yake. Hata mguu mfupi wa meza ulikuwa na sentensi yake. Dirisha peke yake ndilo lililokataa. Dirishani ndipo mchezo ulipoishia, na baba alitakiwa kusema: "Mama yako alipenda kusimama hapa. Nikirudi kazini, kabla sijaiona nyumba nilimwona yeye." Kuna siku maneno hayo yalikuja, kuna siku hayakuja.

Zamani kila ukumbi ulikuwa na mkumbushaji, mtu wa kukaa mahali pa giza na kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau. Ondoa alikuwa wa kwanza kumfuta mkumbushaji, akisema mwigizaji anayenong'onezwa ni bora abaki kwao. Sasa aliweka kigoda nyuma ya ule ukuta wa mbao, chini ya dirisha, na kukikalia mwenyewe.

Siku ya kwanza ya onyesho ukumbi ulijaa. Watu walikuja kutazama vimya vilivyosifiwa redioni, na walipoliona jukwaa wakaanza kuulizana. Akiwa kwenye kigoda chake Ondoa aliwasikia waongozaji wenzake waliokaa mbele. "Ondoa kaishiwa," mmoja alisema. "Hili ni jukwaa au duka la samani?" Mwingine akacheka. Zamani maneno hayo yangemlaza na homa. Leo aliyaacha yapite.

Radi akaingia, na tangu neno la kwanza alikuwa ni yule Radi wa zamani. Aligusa kabati, likampa. Akakalia kiti, kikampa. Alipiga sauti mpaka mbao za ukuta zikatetemeka mgongoni mwa mkewe. Alilia harusini, akashika tumbo kwenye kisa cha choo, na alipofika kitandani akapunga ule mkono wake wa kufukuza nzi. Ondoa alimchungulia kupitia upenyo wa mbao na kuomba aupunge tena. Hakutaka kuondoa kitu. Alijiuliza miaka yote alikuwa anamwondolea mwanamume huyu nini, na ili iweje.

Kisha Radi akafika dirishani. Alishika fremu. Binti akasimama ubavuni kwake akisubiri. Mkono wa kushoto ukapanda taratibu.

"Mama yako alipenda kusimama hapa," Ondoa alinong'ona.

Kimya.

"Mama yako alipenda kusimama hapa, mzee wangu."

Radi alisikia. Alisogeza pazia la maua, akainama dirishani, akamwona mwanamke aliyekaa kwenye kigoda. Akamtazama vizuri, kisha akatabasamu. Ondoa alilijua tabasamu lile. Ndilo alilowapa wageni waliomsubiri mlangoni baada ya onyesho, watu asiowajua waliokuja kumpa mkono.

"Mbona umekaa gizani, dada?" alisema, na sauti ya Radi haikujua kunong'ona, ukumbi mzima ukasikia. "Njoo huku kwenye mwanga."

Binti alimwangalia Ondoa kupitia dirishani, machozi yakimtiririka, hajui afanye nini. Ondoa alisimama. Magoti yalikuwa na vumbi la mbao. Akauzunguka ukuta, akatokea jukwaani mbele ya watu wote, na Radi akamvutia kiti cha kuyumba mpaka karibu na dirisha, akamkalisha kwa heshima zote. Neno la mwisho la mchezo lilikuwa bado, na Radi ndiye aliyeomba wafike mpaka hapo.

Ondoa alimshika Binti mkono. "Mama yako alipenda kusimama hapa," alimwambia. "Baba yako akirudi kazini, kabla hajaiona nyumba alimwona yeye."

Taa zikazima. Zilipowaka, watu walikuwa wamesimama wote, hata wale waongozaji wa mbele. Walikuwa wakipiga makofi na kufuta macho, na mmoja alikuwa akimwelekeza mwenzake kwamba kumtoa mke nyuma ya ukuta lilikuwa wazo la kijasiri mno. Radi aliinamisha kichwa kulia na kushoto kama alivyofanya maisha yake yote. Katika zile kelele akamwinamia mwanamke aliyekaa kwenye kiti.

"Nimefanya vizuri?" aliuliza.

"Umefanya vizuri."

"Kweli?"

"Vizuri sana. Sijaona mtu aliyefanya vizuri kama wewe."

Radi akafurahi, akaitikia kwa kichwa. Kisha akatazama huku na huku na kushusha sauti, kama mtu anayeomba msaada mdogo kwa mgeni.

"Basi nikuombe kitu, dada. Mke wangu yumo humu ukumbini. Ukimwona, mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Yule hasifii mtu ovyo. Lakini labda akisikia kwa mwingine."

"Nitamwambia," Ondoa alisema.

Akamshukuru, akampa mkono amwinue kitini, na wakainama pamoja mbele ya watu.